Fedha za Umma na Meno ya Watoto: Kwa Nini Msamaha wa Malipo Hautoshi

Mwezi Februari mwaka 2007, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mvulana mwenye umri wa miaka 12 alifariki dunia kwa maambukizi ya ubongo yaliyoanzia kwenye jino lililooza. Hakuwa amelalamika kuumwa jino. Wiki kadhaa kabla ya hapo alirudi kutoka shuleni akiumwa kichwa. Akapelekwa hospitali, akapewa dawa za maumivu ya kichwa, za uvimbe wa mifuko ya hewa ya uso na za jipu la jino, kisha akarudishwa nyumbani. Hali yake ilibadilika haraka. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo mara mbili na jino lenyewe likang'olewa, lakini baada ya takriban wiki sita za matibabu hakuweza kuokolewa. Kuling'oa jino hilo mapema kungegharimu dola 80 hivi. Gharama za hospitali zilikadiriwa kufikia robo milioni ya dola.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi katika vyuo vya afya, na kwa kawaida husimuliwa kama onyo kwa wazazi wasiojali meno ya watoto wao. Usimulizi huo unamdhulumu mama yake. Katika miezi ileile mama huyo alikuwa akihangaika kutafuta daktari wa meno kwa ajili ya mtoto wake mwingine, mdogo wa marehemu, aliyekuwa na meno sita yenye usaha. Familia ilistahili kutibiwa kwa fedha za umma kupitia Medicaid, mpango wa serikali ya Marekani kwa watu wa kipato cha chini ulioanzishwa mwaka 1965. Tena, tangu mwaka 1967 sheria ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuzitaka serikali za majimbo kuwapatia watoto walio katika mpango huo uchunguzi na tiba, meno yakiwamo. Haki ilikuwepo kwa miaka 40. Kilichokosekana ni daktari aliyekuwa tayari kuipokea. Malipo ambayo serikali iliwapa madaktari wa meno yalikuwa madogo na makaratasi yalikuwa mengi, hivyo wengi wao hawakuwahudumia wagonjwa wa Medicaid. Chini ya theluthi moja ya watoto wa Maryland waliokuwa katika mpango huo walipata huduma yoyote ya meno kwa mwaka. Juu ya hayo, familia ilikuwa imehamahama na kukosa makazi ya kudumu, na usajili wao ukawa umekoma kwa muda bila wao kujua.

Kwa hiyo kati ya fedha za umma na kinywa cha mtoto kuna safari ndefu, na kila hatua ya safari hiyo yaweza kukatika. Suala hili si la Marekani peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza, na sehemu kubwa ya meno hayo hayatibiwi kabisa.

Jino linavyoweza kuua

Wahudumu wengi wa afya hufundishwa kuyatazama magonjwa ya meno kama kero kuliko hatari. Ndiyo maana yafaa kueleza kwanza namna kidonda kidogo cha jino kinavyofika mbali.

Bakteria waishio kwenye utando wa jino hula sukari na kutoa tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha tabaka gumu la nje, kidogo kidogo, mpaka tundu linapofunguka. Katika hatua hii hakuna maumivu, kwa kuwa tabaka hilo halina neva. Tundu likifika kwenye kiini cha jino, palipo na neva na mishipa ya damu, maumivu huanza, na mara nyingi huwa makali usiku. Kisha jambo la ajabu hutokea: kiini hufa, na maumivu hutulia. Mzazi hufurahi akidhani jino limepona, kumbe vijidudu vimepata njia ya kushuka hadi kwenye ncha ya mzizi na kutengeneza usaha ndani ya mfupa. Mtoto wa namna hii aweza kukaa miezi bila kulalamika.

Usaha hutafuta pa kutokea. Mara nyingi hutoboa fizi na kutoka kama kipele kidogo kinachojaa na kupasuka. Lakini kwenye magego ya juu waweza kuingia katika mifuko ya hewa iliyo jirani, na kwa kuwa mishipa ya damu ya uso huwasiliana na mishipa iliyo ndani ya fuvu, maambukizi yaweza kufika kwenye jicho au ubongo. Kwenye magego ya chini usaha huweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, ukasukuma ulimi juu na kuziba njia ya hewa. Matukio haya ni machache ukilinganisha na wingi wa meno yaliyooza. Hata hivyo kila hospitali ya rufaa huyaona.

Mtoto mwenye uvimbe wa uso ulioambatana na homa, jicho linalofumba kwa uvimbe, kushindwa kufungua kinywa, kushindwa kumeza mate, uvimbe ulio mgumu chini ya kidevu, au kichwa kinachouma pamoja na kutapika na kulegea, hapaswi kupewa dawa na kuambiwa arudi wiki ijayo. Huyo ni mgonjwa wa dharura na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa wengine wote wenye jipu la jino, antibiotiki peke yake hupunguza uvimbe kwa siku chache tu huku chanzo kikibaki palepale. Chanzo huondolewa kwa kung'oa jino au kutibu mzizi wake.

Pengo linaloanza mwaka wa sita

Nchini Tanzania, utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu ulianza mwaka 1993, na pamoja nao ukawekwa msamaha kwa makundi maalumu. Watoto walio chini ya miaka mitano ni miongoni mwao. Ni uamuzi wenye mantiki, kwa kuwa vifo vingi vya utotoni hutokea katika umri huo na kwa malaria, nimonia na kuharisha. Lakini ukiutazama kwa jicho la daktari wa meno, mpaka huo wa umri umewekwa mahali pabaya kabisa.

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto anapofikia miaka sita hivi. Haling'oi jino lolote ili liote. Hujitokeza nyuma ya magego ya utotoni, kimya kimya, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni litakalotoka. Gego hilo lina mifereji na mashimo mengi juu yake, uchafu hujibana humo, na mtoto wa miaka sita bado hajui kupiga mswaki vizuri. Basi jino ambalo mtu anatakiwa kulitumia maisha yake yote huanza kuoza katika miaka mitatu au minne ya kwanza baada ya kuota. Miaka hiyo ndiyo ambayo mtoto amekwisha kutoka katika msamaha, amekwisha kuacha kwenda kliniki ya mama na mtoto, na ameingia shule ambayo mara nyingi haina huduma yoyote ya kinywa.

Hata kwa mwenye umri chini ya miaka mitano msamaha ni ahadi inayotegemea mambo mengine. Ili jino la mtoto litibiwe panahitajika tabibu wa meno, kiti, taa, vifaa vilivyotakaswa, ganzi, sindano na glavu. Msamaha hauji na fedha za kununua vitu hivyo. Unamwondolea mzazi malipo, lakini haumwongezei mganga mfawidhi chochote kwenye stoo. Zahanati nyingi hazina huduma za meno, na mzazi hulazimika kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Huko nako, mahali ambapo vifaa vya kuziba vimekwisha, huduma inayobaki ni moja: kung'oa. Mama aliyepanda gari kutoka kijijini, aliyeacha shamba au genge lake kwa siku nzima, hawezi kuambiwa kwamba ametibiwa bure. Amelipa nauli mbili, chakula na siku ya kazi, na mwanawe amerudi na pengo.

Ndiyo maana wazazi husubiri. Si ujinga, ni hesabu. Jino lisilouma haliwezi kushindana na ada, sare na mbolea. Wakati wa kusubiri, baadhi yao huenda kwa yeyote aliye karibu. Imani ya "meno ya plastiki", iliyoenea nchini tangu miaka ya 1980, ni mfano wa uchungu. Mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha huangaliwa fizi, vivimbe vyeupe vya chonge ambazo hazijaota hudhaniwa kuwa ndiyo ugonjwa, navyo huchimbuliwa kwa chombo kisicho safi. Wapo waliopoteza damu nyingi, na wapo waliopata maambukizi ya damu. Wengine wamekua wakiwa na chonge zilizoharibika au zisizoota kabisa. Familia hizo zimelipa fedha kwa kitendo hicho. Huduma yenye madhara ilikuwa karibu, na iliyo sahihi ilikuwa mbali.

Bima inafaa wapi, na haifai wapi

Mara nyingi jibu linalotolewa ni bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999, hulipia huduma kadhaa za meno kwa wanachama wake na wategemezi wao, na kwa watoto wa watumishi wa umma umekuwa msaada mkubwa. Kwa watoto wengine ulikuwapo mpango wa Toto Afya Kadi, ambapo mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule au vifurushi vya familia. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimamia mfuko wa bima: wazazi walikuwa wakimkatia kadi mtoto aliyekwisha ugua na kuwaacha wenzake wenye afya. Mfuko wa namna hiyo hauwezi kusimama. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye shabaha ya kuwaingiza wananchi wote, wazima na wagonjwa, katika kapu moja.

Hilo ni jambo jema. Lakini kwa meno ya watoto kuna hoja isiyozungumzwa vya kutosha. Bima huwa na nguvu dhidi ya balaa kubwa linalowapata wachache na lisilotabirika: ajali, saratani, upasuaji. Kuoza kwa meno ni kinyume chake. Huwapata watoto wengi mno, hutabirika, gharama yake kwa kila jino ni ndogo kikianza na kubwa kikichelewa, na karibu kote kunaweza kuzuilika. Ugonjwa wa aina hiyo unafanana zaidi na surua. Hakuna anayeuliza kadi ya bima pale mtoto anapoletwa kuchanjwa. Chanjo imenunuliwa na serikali na wafadhili, imesambazwa hadi zahanati ya mwisho, na mtoto huipata kwa sababu tu amefika. Kinga ya meno ingestahili kugharimiwa kwa mtindo huo: moja kwa moja, kupitia kliniki za watoto na shule. Bima ibaki na kazi ya kulipia yale yatakayoponyoka.

Uskoti ilifuata njia hiyo. Ina huduma ya meno isiyo na malipo kwa watoto, na bado watoto wake walikuwa na meno mabovu kwa kiwango cha aibu. Serikali ikaanza kugharimia upigaji mswaki wa kila siku katika shule za awali, chini ya usimamizi wa walezi, kwa dawa yenye floraidi. Baadaye kazi hiyo ikaunganishwa katika mpango mpana uitwao Childsmile. Gharama ya mswaki shuleni ilikuwa takriban pauni milioni 1.8 kwa mwaka. Wachambuzi wa huko waliolinganisha makadirio ya gharama za kutibu meno ya watoto wa miaka mitano walikuta zimeshuka kutoka karibu pauni milioni 8.8 mwaka 2001/02 hadi karibu milioni 4 mwaka 2009/10, na nafuu kubwa zaidi iliwafikia watoto wa maeneo maskini. Fedha ilitumika kabla ya jino kutoboka, na ikarudi.

New Zealand ilianza mapema zaidi. Mwaka 1921 ilianza kufundisha wauguzi wa meno wa shule, kada iliyoruhusiwa kuziba na kung'oa meno ya watoto bila kumsubiri daktari. Madaktari wa wakati huo hawakufurahi wote. Leo nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, zina kada za kati za tabibu wa meno zinazobeba sehemu kubwa ya kazi wilayani.

Na Maryland yenyewe? Baada ya kifo kile jimbo liliongeza malipo kwa madaktari wa meno na kuunganisha usimamizi ili daktari asihangaike na kampuni nyingi. Likawalipa pia madaktari wa watoto na wauguzi wanaowapaka watoto wadogo floraidi katika kliniki za kawaida. Madaktari wa meno wanaopokea watoto hao wakaongezeka, na watoto waliohudumiwa vilevile. Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilifanya huduma ya meno kuwa ya lazima katika mpango wa bima ya watoto wa nchi nzima, uliokuwa umeyaachia majimbo uchaguzi.

Kinachowezekana bila mashine

Yapo mawazo kwamba huduma ya meno ni ghali kwa asili yake, kwa kuwa inahitaji umeme, maji ya bomba na kiti cha mamilioni. Jibu la wazo hilo lilipatikana Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alianzisha njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa, tundu likajazwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Hakuna mashine, na mara nyingi hakuna sindano ya ganzi. Mtoto aweza kulazwa juu ya dawati la shule. Njia hiyo imeenea duniani, na inasikitisha kwamba katika nchi ilikozaliwa bado wapo watoto wengi wanaong'olewa meno ambayo yangezibwa hivyo.

Kuna pia dawa ya maji iliyo na madini ya fedha na floraidi, inayopakwa kwenye tundu kwa brashi ndogo kwa muda wa dakika moja hivi na kusimamisha uozo. Hulitia jino weusi, na mzazi lazima aelezwe hivyo kabla, la sivyo ataona mwanawe ameharibiwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo, pamoja na saruji iliyotajwa na dawa ya mswaki yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Hatua hiyo ina uzito wa kifedha: kilichomo katika orodha za dawa muhimu ni rahisi zaidi kuombewa bajeti na kununuliwa kwa fedha za umma.

Kwa upande wa nyumbani, mzazi aanze kumswaki mtoto jino la kwanza linapoota. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu dawa yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele, na baada ya hapo kiasi cha punje ya njegere, mara mbili kwa siku, mtu mzima akisaidia mpaka mtoto afikishe miaka saba au nane. Chupa yenye chai ya sukari, juisi au uji mtamu isiachwe kinywani mwa mtoto aliyelala. Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara ambako maji ya visima na chemchemi yana floraidi nyingi kupita kiasi, na meno ya watu yana rangi ya kahawia, mzazi apate ushauri wa kituo cha afya kuhusu maji ya kunywa na dawa ya mswaki ya mtoto, na aepuke kupikia magadi.

Muuguzi wa kliniki ya watoto ana nafasi ambayo daktari wa meno hana. Mtoto huletwa kwake akiwa na miezi tisa kwa chanjo ya surua na rubela, na tena akiwa na miezi kumi na minane. Kuinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole huchukua sekunde kumi. Mistari myeupe iliyofifia karibu na fizi ni dalili ya kwanza ya jino kuanza kuharibika, nayo bado inaweza kurudi nyuma kwa mswaki na floraidi. Madoa ya kahawia au mashimo yana maana kuwa mtoto apewe rufaa, akiwa bado ndani ya msamaha wa umri wake.

Hatua nyingine hufanyika mezani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya afya na zahanati nchini Tanzania hupokea sehemu ya fedha moja kwa moja na kujipangia matumizi, na mipango hiyo huunganishwa katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Ganzi, saruji ya kuzibia na brashi za floraidi huingia humo kama vitu vingine, iwapo kuna aliyeviandika. Kamati ya kituo itauliza idadi ya wagonjwa, na idadi hutoka katika vitabu vya MTUHA. Mtoto aliyeandikwa "homa" ilhali homa yake ilitoka kwenye jipu la jino hatahesabiwa. Wala yule aliyepewa rufaa ya meno, akakosa nauli, na jina lake halikuandikwa popote.